Mita Moja Kutoka kwa Mama Mkwe

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mambo mawili: picha iko wapi, na kwa nini safari iliyokuwa iwe fupi ilirefuka vile. La pili nitalijibu hapa, kituo kwa kituo, nisilazimike kulirudia kila ninapokutana na mmoja wenu sokoni. La kwanza litajijibu lenyewe huko mwishoni.

Lenzi yangu mnaijua, kwa sababu mmeshaicheka. Ni ya milimita themanini na tano, nzito kama chupa ya asali, na haina mota. Lenzi nyingine hujitafutia zenyewe fokasi, yaani pale kitu kinapoonekana wazi. Hii unazungusha pete kwa vidole huku ukichungulia, na kamera inakuchorea vimistari vyekundu kwenye kingo za kila kitu kilichoingia kwenye fokasi. Tundu lake hufunguka mno. Ukilifungua lote unapata picha hata kwenye chumba chenye giza, lakini kinachoonekana vizuri ni kipande chembamba tu, kama upana wa ukucha. Ukipata jicho, sikio limekwenda. Mtu akivuta pumzi kwa nguvu, hata jicho limekwenda. Na haikubali kusogea karibu zaidi ya mita moja. Hiyo mita mtaikuta tena.

Lenzi yangu ya kawaida iliingia maji kwenye harusi ya Kilosa, msinikumbushe. Kwa hiyo mke wangu Minza aliponituma kwao Samuye, nilikwenda na hii.

Mama yake alikuwa na uvimbe kwenye taya la kushoto. Madaktari wa Mwanza walikuwa wamemwambia watakata, na kwamba kipande cha taya kitaondoka pamoja na uvimbe, na uso hautarudi kuwa ule. Minza asingeweza kwenda. Alikuwa amejifungua juzi tu, mtoto hajatimiza arobaini. Simu iliyokuwa na picha za mama yake iliibwa stendi. Kwenye picha za harusi yetu mama mkwe anaonekana mgongo tu, na katika moja inaonekana nusu ya kanga.

"Niletee uso wa mama," Minza aliniambia, "kabla haujaguswa. Nataka mtoto aujue."

Hilo ndilo lilikuwa agizo zima, na wote wawili tuliliona jepesi.

MOROGORO HADI SHINYANGA

Habari za tiketi nazipita. Baada ya Manyoni mkanda wa feni ulikatika, na basi likalala pembeni mwa barabara huku dereva akipiga simu Singida waletewe mwingine. Abiria wengi walishuka, wakatandika kanga, wakaanza kula walichobeba. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa Songwa, anarudi kutoka kumwona mwanaye Dodoma. Alinikatia paja la kuku bila kuniuliza, na nilipokuwa nalitafuna akaniuliza ninakokwenda.

"Samuye. Nakwenda kumpiga picha mama mkwe."

"Mkeo Msukuma?"

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Mluguru."

Akatafuna kwanza. "Utampiga kwa mbali?"

Nikamwonyesha lenzi, nikamweleza. Nilisema mita moja, na kwa kuwa napenda kueleza kazi yangu nikapima kwa mikono, kutoka puani kwake hadi kwenye magoti yangu. Mzee aliutazama ule umbali, kisha akacheka hadi akashindwa kumeza. Mke wake, aliyekuwa anasinzia nyuma yetu, aliamka akauliza kuna nini. Mzee akamweleza kwa Kisukuma, naye akacheka.

"Utakula kuku wao," mzee akaniambia akijifuta macho, "halafu utarudi na kioo chako."

Sikumwelewa. Nilidhani ananidharau kwa sababu ya kabila, nikageukia dirishani hadi mkanda ulipofika. Basi lilipita Samuye jioni sana, na kwa kuwa Minza alinionya kwamba mkwe haingii kwa wakwe giza likiwa limeshaingia, nililiacha lipite nikalale Shinyanga mjini.

SAMUYE

Kaya ya wakwe zangu iko mbali kidogo na barabara, imezungushiwa ua wa minyaa. Nilipofika asubuhi mama mkwe alikuwa uwanjani anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Niliona kanga ya kijani na mgongo. Mama Ngolo, mke wa shemeji yangu Masanja, aliita kwamba mkwe amefika, na ile kanga ikapandishwa kichwani ikaingia ndani. Tulisalimiana kupitia ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mhola?"

"Mhola," nikajibu, neno pekee la Kisukuma nililokuwa na uhakika nalo, kwamba kwema.

Niliwekewa kigoda kivulini mwa ghala, nikala peke yangu: kuku, ugali wa mtama, mlenda, na kibuyu cha maziwa mgando. Chakula kilikuwa kizuri sana. Nilipomaliza nilitoa kamera na kumweleza Mama Ngolo namna tutakavyofanya.

"Anayekaa kwenye kigoda ni nani?" akauliza.

"Mama."

"Na wewe unakaa wapi?"

Nikapiga hatua moja kubwa kuonyesha.

"Unamtazama?"

"Ndiyo. Jichoni. Nazungusha hapa mpaka kope zake ziwe nyekundu."

Mama Ngolo aliziba mdomo kwa ncha ya kanga akacheka, kisha akaona sitanii. "Shemeji," akasema, "hapa kwetu mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha. Sasa wewe unataka kumtolea macho amekaa, tena umwekee na hilo jicho la kioo?"

Nilikuwa najua kidogo. Siku ya harusi niliambiwa niinamishe macho, nikainamisha, lakini nilidhani ni mambo ya siku hiyo tu, kama suti. Nikampigia Minza simu. Nikamsikia mtoto analia nyuma yake.

"Nilisahau," akasema. "Kwangu ni mama. Nilisahau kwamba kwako ni mkwe."

Nikamwomba Mama Ngolo apige yeye. Akaingia ndani. Wakazungumza muda mrefu, na kila sauti ilipopanda nilizidi kuitazama mikono yangu. Alipotoka alisimama wima, kama mtu aliyetumwa.

"Mama amesema hivi. Masanja aje apige. Masanja asipokuja, hakuna picha."

Kisha akachuchumaa, akaanza kukusanya vyombo na kusema kwa sauti ya chini. Masanja alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu msimu wa pamba uliopita. Alikwenda kwenye machimbo ya Segese, na simu yake ilikuwa haipatikani. Mama alikuwa amekataza mtu yeyote asimweleze habari ya uvimbe, asije akaja kwa kumhurumia.

"Wiki ijayo anapelekwa Mwanza," Mama Ngolo akasema. "Hajui kama atarudi. Anamtaka mwanaye na hawezi kusema. Wewe umemletea sababu."

Kwa hiyo nilikuwa nimekuja kupiga picha, na sasa nilitakiwa kwenda kutafuta mtu. Nilikasirika, nawaambia kweli. Nilikasirika hadi Kahama na kupita.

KAHAMA NA SEGESE

Kahama nilipitia tu. Gari la Segese ni zile gari ndogo wanazoziita mchomoko, ambazo huondoka zikijaa, na kujaa kwake si kujaa kwa Morogoro. Niliwekwa mbele na mama mwenye ndoo ya dagaa. Begi la kamera lilikaa magotini mwangu na ndoo ikakaa juu ya begi.

Segese kila mtu ana jiwe mfukoni. Nilielekezwa kwa mwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, mtu wa makamo anayeitwa Maganga, kwa sababu vijana wote wa machimbo hupitia kwake. Nilipoweka begi mezani, akaiona lenzi na kusahau nilichomwuliza.

"Hicho kioo kinaona mpaka chini?"

"Kinaona nyuso."

Hakuamini. Alitoa jiwe kwenye kopo akaliweka mezani, akaniomba nilitazame tu, kwa heshima. Nililitazama. Lilikuwa na chembechembe zinazometameta, na nilipozungusha pete ile mistari myekundu ikatambaa juu ya jiwe zima. Mtu aliyesimama nyuma yangu, akichungulia kioo cha kamera begani kwangu, akapiga kelele.

"Imewaka!"

Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Mawe yaliletwa kwenye mifuko ya suruali, kwenye soksi, kwenye mkebe wa maziwa. Nilieleza kwamba wekundu maana yake ni fokasi tu, kwamba kitu chochote chenye kingo kinawaka. Ili kuwathibitishia niliielekeza kamera kwenye kidole cha Maganga, na ukucha wake ukawaka vizuri kuliko mawe yote.

Maganga akautazama ukucha wake. "Kwa hiyo hata mimi nina dhahabu?"

Walicheka sana, lakini foleni haikupungua hata mtu mmoja. Nilitazama mawe hadi jua likazama. Mama mmoja, jiwe lake lilipowaka sana, alilifunga kwenye leso mafundo mawili akaondoka haraka bila kusikiliza maelezo yangu. Namfikiria mpaka leo, na sijui alilipeleka wapi.

Mwishowe Maganga aliridhika. "Masanja yupi? Yule mrefu, mwenye mwanya kwenye meno ya chini?"

Nilisema sijui meno yake, kwa maana kwenye harusi yetu hakucheka.

"Ndiye huyo. Amefuata rashi mpya, mbele ya Ushirombo. Ameondoka na wenzake wote."

Rashi ni mkurupuko wa wachimbaji. Ikisikika kwamba mahali pameonekana dhahabu, watu huhama na vyungu vyao. Nililala Segese kwenye chumba kilichotikiswa na karasha, na asubuhi nikarudi Kahama kutafuta gari la Ushirombo.

USHIROMBO NA KUENDELEA

Kutoka Ushirombo hakuna gari linalokwenda huko porini. Kuna pikipiki, na siku hiyo waendesha pikipiki wote walikuwa wamekwishapeleka watu kwenye rashi hiyohiyo. Aliyenichukua alikuwa katekista wa vigango vya huko. Alikuwa na pikipiki nyekundu na koti zito lisilofaa kwa jua lile.

"Nitakufikisha," alisema, "ila nina nyumba za kupita."

Nilikubali bila kuuliza ni nyumba ngapi. Kila alipoona boma la Mkristo wake alikata kona. Tulishuka, tukasalimu, tukapewa maji, wakati mwingine viazi, tukasali, tukapanda. Kwenye nyumba moja kulikuwa na ubatizo wa kupanga. Kwenye nyingine wanandoa walikuwa hawasemezani tangu Pasaka, na tulikaa mpaka wakasemezana. Nilijiambia sina haraka, ambayo haikuwa kweli, maana mama mkwe alikuwa anasubiri kupelekwa Mwanza.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane aliyeuliza mgeni ni nani. Katekista akasema ni mpiga picha, anakwenda kumtafuta shemeji yake ili ampige picha mama mkwe. Mjane hakucheka. Alikwenda ndani akatoka na fremu, ndani yake kuna picha ya mwanaume iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho hadi uso umekuwa vidoadoa. Ilikuwa imebebwa mbele ya jeneza.

"Hii ndiyo tuliyokuwa nayo," akasema. "Si yeye hasa."

Nilimwambia imetoka vizuri. Tulipopanda pikipiki hasira niliyotoka nayo Samuye ilikuwa imeisha.

KWENYE RASHI

Mji ule ulikuwa na umri wa majuma machache. Ulikuwa na maturubai, kinyozi, jenereta tatu na mtumba, na hakukuwa na choo. Kila niliyemwuliza Masanja alisema hamjui. Niliuliza kwa upole, niliuliza kwa ukali, na nilipoongeza kwamba ni mrefu mwenye mwanya, ndipo walipozidi kutomjua. Mtu mgeni mwenye begi zuri anayemtafuta mchimbaji kwa jina na alama zake hawezi kuwa na habari njema. Nililijua hilo baada ya kukata tamaa na kukaa kwa mama lishe kula wali maharage.

"Unamtafutia nini?" mama lishe akauliza.

"Ni shemeji yangu. Dada yake amezaa."

"Si ungesema hivyo," akasema, akamwita mtu aliyekuwa amekaa kwenye benchi la pili, mgongo kwangu, tangu nilipofika. Alikuwa Masanja.

Tuliamkiana. Aliuliza kama Minza amejifungua salama, nikasema salama, wa kike. Akafurahi, na nikauona ule mwanya.

"Mama mzima?"

Nilikuwa nimekatazwa. Nikasema, "Mama anasema uje umpige picha."

Alikuwa ananawa mikono, akaacha. "Mama? Anayekimbia hata kioo?"

"Ndiye."

"Amesema nije nyumbani, au amesema nimpige picha?"

"Umpige picha."

Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye viwiko. "Angekuwa mzima angesema nije tu," akasema. "Ana nini?"

Nikamwambia. Sikuona namna ya kutomwambia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema duara lao, yaani shimo wanalochimba, lilikuwa linakaribia mwamba wa dhahabu. Mtu akitoka wakati huo nafasi yake inachukuliwa. Akaenda kuzungumza na wenzake nyuma ya turubai. Nilisikia kelele. Alirudi na begi dogo.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nenda."

Kwa sura yake nilijua hawakusema hivyo, lakini sikumwuliza tena.

Tulikwama Ushirombo tukisubiri gari, nami nikautumia ule muda kumfundisha lenzi. Ilishindikana. Alizungusha pete vizuri, ila alipoona wekundu alifurahi, na alipofurahi mwili ulisogea, na kwa lenzi ile kusogea kidogo ni kupotea. Picha zake zote zilikuwa na fokasi safi kwenye vitu ambavyo hatukuvitaka: kola ya shati, mfuniko wa sufuria, pembe ya mbuzi wa watu.

"Shemeji," akasema, "jicho lenyewe linakaa wapi?"

Hapo ndipo nilipofikiria uzi. Dukani tulipata uzi wa kushonea magunia. Nikaufunga kwenye stendi ya kamera, chini ya lenzi, nikapiga fundo mwisho wake. Nikazungusha pete hadi fundo likawa jekundu, nikaifunga pete kwa utepe wa gundi isizunguke tena. Sasa hakuwa na haja ya kuchungulia. Angeuvuta uzi hadi fundo liguse kona ya jicho la mama yake, angeuachia, angebonyeza. Alijaribu kwa mama lishe wa stendi, na kope zake zikatoka moja moja. Masanja aliipenda ile picha, akaionyesha watu wasiomjua huyo mama.

SAMUYE TENA

Tulipoingia ndani ya ua mama mkwe alitoka bila kujifunika, kwa sababu alimwona mwanaye kwanza. Niligeuka haraka nikatazama minyaa. Sikusikia kilio wala vigelegele. Baada ya muda nilisikia sauti yake ikiuliza, kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu, "Mmekula?"

Hakukubali kukaa nje, majirani wasije wakaliona taya lake. Ndani kulikuwa na dirisha moja dogo. Mmoja wenu ameshaniuliza kwa nini sikulifunga tundu la lenzi kidogo ili uso wote uingie kwenye fokasi. Jibu ni hilo dirisha. Kwa mwanga ule ilikuwa ni kufungua lote au kuacha. Mama aliingia chumba cha pili, nami nikapanga kila kitu. Nilimkalisha Masanja kwenye kigoda, nikaweka stendi, nikapima uzi hadi jichoni kwake, nikahakikisha. Kisha nikatoka, nikasimama karibu na zizi la ndama, uso kwenye minyaa na mgongo kwenye nyumba. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kusimama mbali na kamera yangu kiasi hicho.

Mama Ngolo alisimama kati yangu na mlango, ananitafsiria.

"Amekaa... Anamwambia Masanja nywele zimekuwa ndefu... Anamwuliza nani anamfulia huko... Masanja anamwambia mama, nyamaza kidogo, nakuwekea uzi... Ameweka... Ameachia..."

Sauti ya mama mkwe ikapanda ghafla ndani, maneno mawili matatu. Katikati yake nikasikia kamera.

"Alikuwa anasema?" nikauliza minyaa.

"Alikuwa anasema. Anamgombeza kwamba amekonda."

Nilifumba macho. Mtu akigombeza huinua kidevu, na akiinua kidevu kichwa hurudi nyuma, na jicho huondoka pale fundo lilipoliacha.

"Mwambie apige nyingine. Mwambie mama anyamaze kidogo tu."

Mama Ngolo akaenda, akarudi. "Mama amesema imetosha. Na amesema mkwe asiiangalie. Amwone kwenye kioo, amwone kwa macho, kwake ni kulekule. Ampelekee mkewe."

Nilimwelekeza Masanja kupitia dirishani namna ya kuzima kamera na kutoa kadi bila kuwasha kioo. Mama mkwe mwenyewe aliifunga kadi kwenye kipande alichochana kutoka kwenye ile kanga ya kijani, mafundo madogo yaliyokazwa kwa meno. Mama Ngolo aliniletea kwa mikono miwili.

"Wabeja, baba," sauti ikasema kutoka ndani, kunishukuru.

Kesho yake Masanja alimpeleka Mwanza.

KURUDI MOROGORO

Mnaonijua mtasema niliifungua njiani. Singida, wakati wengine wanakula, niliishika ile kanga mkononi nikazitafuta kingo za kadi kwa vidole. Kamera ilikuwa begini, imejaa chaji. Ningeangalia mara moja tu, nijue kama macho yameingia, basi. Sikuangalia. Si kwa sababu mimi ni mtu mwema. Niliogopa kwamba hayakuingia, na kwamba nitakaa na habari hiyo kwenye basi hadi Morogoro.

Minza alifungua mafundo polepole, akaingia chumbani na kompyuta na mtoto, akafunga mlango. Mimi nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alipotoka alikuwa amelia.

"Imeingia fokasi?" nikamwuliza.

"Mama yupo," akasema, akanikumbatia, na sikupata jibu zaidi ya hilo.

Niliishi hivyo kwa muda. Picha ilichapishwa, ikawekwa chumbani ndani ya mlango wa kabati ili isinitazame. Nyinyi mlikuwa mkija na kusema mnataka kuiona, nami nilikuwa nawaambia bado, maana sikuwa na kingine cha kuwaambia. Mpiga picha asiyejua kama picha yake imetoka hana la kujitetea.

Mama mkwe alifanyiwa upasuaji akapona. Kidonda kilifunga. Taya upande wa kushoto halipo, na meno ya chini yamekwenda nalo, na maneno yake sasa anayaelewa Masanja tu, ambaye hajarudi kwenye duara. Juzi Masanja alipiga simu. Alisema mama ana ujumbe kwa mkwe. Nilisikia sauti nyuma yake, nzito, isiyo na konsonanti, na Masanja akanipa kwa mafungu.

"Anasema sasa unaweza kuiangalia... Anasema yule wa kwenye picha si yeye tena, kwa hiyo si mkwe wako... Anasema yeye mwenyewe ukimwona, uendelee kumpisha."

Minza alifungua mlango wa kabati.

Macho hayakuingia. Yamelegea, kope zimeungana, na kama angekuwa bibi harusi wa mtu ningeifuta picha ile papo hapo. Kilichoingia ni mdomo. Upo katikati ya neno, umefunguka, na kila mstari wa midomo unaonekana, na meno ya chini yote, na mwanya uleule wa Masanja. Nilimpenda mama huyu niliyekuwa sijawahi kumtazama, nikaona uchungu kwamba nimechelewa hivyo kumjua.

Baadaye nilimwuliza Minza kwa nini siku zote zile hakuniambia kwamba macho yametoka nje ya fokasi. Alikuwa anamnyonyesha mtoto. Alijibu bila kugeuka.

"Macho bado anayo."